Sanduku la Gemu Kando ya Posho Mili

Mume wangu ni seremala, na mwaka ule wa ukame hakuna mtu pale Zombe aliyekuwa akiagiza hata kiti. Kaka yake akamtafutia kazi Mombasa, ya kutengeneza vitanda vya hoteli. Nilikuwa nimeona waume wa wenzangu wakienda hivyo hivyo na kurudi Krismasi kama wageni, nami sikutaka. Nikamwomba atengeneze sanduku la gemu kama lile tulilocheza mjini siku za uchumba, mimi nitafute kompyuta ya kuweka ndani. Likivuta wateja, abaki. Lisipovuta, nitamfungia mizigo mwenyewe. Akakubali huku akinicheka.

Umeme haukuwa umefika Zombe. Kulikuwa na injini ya posho mili tu, kinu cha kusagia mahindi, ambayo mwenyewe, mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa ameifungia dainamo ya kuwashia taa. Akatupa kona ya veranda na waya.

Tukaenda Wote, nilikokuwa nikipiga chapa ofisini kabla ya kuolewa. Kwenye duka la vyombo vya mitumba tulikuta kompyuta mbili. Moja ilikuwa na rangi zote na sauti ya kutetemesha kifua, na mume wangu akaikodolea macho. Nyingine ilikuwa kuukuu, nzito, skrini yake kijani tupu, na gemu yake ilisomwa kutoka kwenye diski unayoichomeka mbele. Kule ofisini umeme ulikatika ovyo, kwa hiyo tabia za mashine hizi nilizijua. Ile ya rangi ikizimika ghafla huamka ikijikagua weee, na siku nyingine haiamki kabisa. Ile kuukuu ilizimwa, ikawashwa, ikarudi bila maneno. Bei yake pia ilikuwa ya kuchekesha. Nikaichukua, na mume wangu akanuna njia nzima.

Kununa hakukumzuia kufanya kazi safi. Kibodi aliilaza chini ya ubao, akatoboa matundu juu ya vitufe tulivyohitaji, akachonga vijiti vya mti vya kuvibonyeza. Nilimpenda upya siku ile, nasema wazi.

Jumamosi tulipofungua, veranda ilijaa. Kisha mahindi ya msaada ya mama mmoja yakamiminwa kinuni, injini ikaguna kwa mzigo, umeme ukashuka, skrini ikawa nyeusi. Mume wangu hakuniangalia. Nilisimama roho mkononi mpaka herufi za kijani zikaanza kutambaa, gemu ikarudi, na veranda nzima ikapiga makofi.

Kabla ya adhuhuri mzee wa posho mili alikuwa ameshaanza kutangaza, "Namwaga!" kila alipotaka kumimina. Wachezaji wanatoa mikono, wanangoja, wanaanza tena. Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa amesema tunaleta kamari, alicheza na unga mikononi hadi vijiti vikawa vyeupe, na akakataa kumpisha mwanawe.

Jioni tukifunika sanduku kwa gunia, mume wangu akauliza kama kule Ikutha kuna posho mili yenye dainamo. Nikamwambia ziko mbili.

"Basi tafuta ingine kama hii mapema," akasema. "Na isikuwe ya rangi. Hizo ni za kusumbuana tu."

Nikajifanya nakunja waya, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Jumatatu alienda posta kumpigia kaka yake simu, amwambie asimngoje.