Koti la baba mkwe lilivyoahirisha harusi yangu, na saizi ninayoulizwa leo na mjukuu

Wakuu, salaam kutoka Sumbawanga. Baridi ya huku mwezi huu inang'ata kweli kweli.

Mimi humu huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya. Leo nimeanzisha wa kwangu kwa sababu tangu jana situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka sebuleni, mpaka mke wangu ameniambia nitatoboa sakafu. Nitakayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe. Asiyeamini aje kwangu, mtaa wa Kizwite, nimwoneshe koti lenyewe.

Iko hivi.

Mjukuu wangu yuko Dar. Anapenda zile nguo mnazoziita quiet luxury. Hazina maandishi, hazina vifungo vya kung'aa, rangi moja juu mpaka chini, halafu ukitajiwa bei unatafuta kwanza pa kukaa. Anataka kuniagizia koti la namna hiyo online. Kanitumia size chart, lile jedwali la vipimo, kwenye simu, akasema, "Babu, nitumie saizi yako, lakini uwe na uhakika. Wale wakishatuma hawapokei tena."

Uwe na uhakika. Wakuu, neno hilo lilinirudisha miaka ya Ujamaa, maana swali la saizi ya koti niliwahi kuulizwa, na nusura linikoseshe mke.

Nilikuwa kijana, dereva wa lori la familia moja ya wafanyabiashara wa Kiislamu pale mjini. Safari zangu zilikuwa Tunduma na kurudi. Duka lilikuwa chini ya mke wa tajiri, Mama Zuhura, mama mmoja mcheshi ambaye hakuna alichokosa kukijua katika mji huu.

Mchumba wangu aliitwa Restituta, wa kijiji cha Mwazye. Kwao Wakatoliki, wakulima wa mahindi na ulezi. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Ozwadi. Yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza mahari kwa baba yake Resti, Mzee Leonsi.

Waliooa zamani wanajua kwamba kwenye mahari kulikuwa na blanketi la bibi na koti la baba. Koti la baba halikuwa na maneno. Ulipeleka lolote, hata la kaki, likapokelewa na vigelegele.

Sasa Mzee Leonsi ujana wake aliumalizia kwenye migodi ya shaba kule ng'ambo ya mpaka, na huko aliona makoti ya mabosi. Akamwambia baba mdogo, "Sitaki koti la mifuko mifuko. Niletee la sufu, rangi moja, lisilopiga kelele. Na linikae. Lisiponikaa, mtaondoka nalo, mtaondoka na kijana wenu."

Baba mdogo alirudi kanuna. Akaniuliza, "Hivi huyu mzee anaoza binti au anafungua duka la nguo?"

Vijana muelewe mazingira. Miaka ile kitambaa kilikuwa cha foleni. Kikija duka la kijiji, unachukua kilichopo. Na nguo tulinunua kubwa makusudi, ili idumu, ili mdogo wako airithi, ili ukinenepa isikuumbue. Mji mzima nguo zilitupwaya. Mtu anayetaka nguo imkae alionekana ana majivuno.

Tatizo la pili, ningempimaje? Kwa familia ile mchumba hamsogelei baba mkwe. Humpi mkono, huketi naye mkeka mmoja. Mimi nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, amevaa masweta na blanketi juu, kajaa kama gunia la mahindi. Ningeulizwa ningesema ni mtu mnene.

Nilianza kuugua ugonjwa wa mabega ya watu. Nikiwa barabarani naangalia mabega. Kanisani naangalia mabega. Usingizi ukawa wa shida.

Koti nililipata, na nililipata kwa Mama Zuhura. Kaka yake alilileta kutoka ng'ambo. La sufu, rangi ya majivu, vifungo vimefichwa ndani, hata mfuko wa kifuani halina. Ukilitazama kwa haraka unasema nguo ya kawaida tu. Ukiligusa, mkono hautaki kutoka.

Ndani lilikuwa na kitambaa kidogo kimeandikwa 54.

Hapo tukakwama. Sisi tulizoea namba za Kiingereza, arobaini, arobaini na mbili. Mama Zuhura aliishika ile namba akasema, "Hamsini na nne? Mwanangu, hili wataingia mzee na mkewe." Kumbe namba ilikuwa ya nchi nyingine, wenye hesabu yao. Lakini nani angetuambia?

Resti ndiye aliyenitoa. Baba yake alikuwa na koti moja la kanisani, alishonewa na fundi wa mjini miaka michache nyuma, na kila mtu pale nyumbani alijua kwamba lile lilimkaa. Mzee alipokwenda shambani, Resti akalitandaza kitandani, mama yake akiona, akalipima kwa kamba ya katani. Fundo la bega mpaka bega, fundo la mkono, fundo la kifua. Tulipokutana mnadani akanipa ile kamba, amefunga kwenye kona ya kitenge kama hela.

Tukalilaza koti la Mama Zuhura juu ya kaunta. Mafundo yakaangukia kwenye mishono. Kifuani ikabaki nafasi ya vidole tu, inayotakiwa. Mama Zuhura akasema, "Alhamdulillahi, kama aliyelishona alimwona." Nililala usingizi wa mtoto usiku ule, wa kwanza baada ya muda mrefu.

Siku ya kupeleka mahari uwanja ulijaa. Mpaka balozi wa nyumba kumi alikuwepo, na aliligusa koti akauliza kama hilo nalo ni la kijamaa. Watu wakacheka. Mimi nilikaa pembeni na vijana wenzangu.

Desturi ni mshenga amvishe baba mbele ya watu. Kwa hiyo Mzee Leonsi akalazimika kuvua.

Akavua blanketi. Akavua sweta la juu. Chini yake kulikuwa na sweta jingine, la kijani. Akavua na hilo, na chini yake kulikuwa na jingine.

Alipomaliza, wakuu, watu wakasogea waone vizuri. Yule mtu mnene hakuwepo. Alisimama mzee mwembamba, mifupa ya shingo imejitokeza, shati linapepea. Baba mdogo akamvisha koti. Mabega ya koti yakashuka mpaka karibu na viwiko, na vidole vya mzee havikuonekana.

Nilijua nimeshamkosa Resti. Sikufikiria kitu kingine, nasema ukweli wangu.

Baba mdogo akaanza kujitetea. "Tutalirudisha, mzee, tutaleta dogo. Ni makosa ya vipimo."

Ndipo mama yake Resti akasimama. Alikuwa mama mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akasema, "Vipimo havina kosa. Ni vya koti lako la kanisani. Hiyo ndiyo saizi yako, Baba Resti."

Koti la kanisani nalo alikuwa akilivaa juu ya masweta. Kila asubuhi anavaa kabla wenzake hawajaamka, anasema baridi. Kikohozi anasema vumbi la ulezi. Walikuwa wanakula naye sahani moja na hawakujua amekwisha kiasi kile. Resti alikuwa amefunika uso kwa kanga, analia.

Mzee alijitazama mikono. Kisha akasema, "Koti sirudishi. Harusi itakuwa siku litakaponikaa."

Wazee walimsihi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikubali jambo moja, kwenda hospitali. Nilimpeleka mimi kwa lori. Kwa kuwa sikuruhusiwa kukaa naye ubavu kwa ubavu, baba mdogo alikaa katikati kama ukuta, na njia nzima alikuwa anapokea salamu upande huu na kuzipeleka upande ule.

Walisema kifua kikuu. Alilazwa, akachomwa sindano, kisha akaruhusiwa akaendelea na dawa kwenye zahanati ya misheni.

Na mimi nikaanza kungoja mtu anenepe.

Msicheke. Hakuna kungoja kubaya kama huko. Nikitoka safari napeleka samaki wa Ziwa Rukwa. Napeleka mayai, karanga, maharage. Nikifika Mwazye nasimama mbali, namchungulia mabegani. Akikohoa mimi ndiye naumia. Mama yangu akawa ananitania, "Mwanangu, unaoa binti au unaoa koti?" Wenzangu walishaoa, wengine wameshapata watoto, mimi napeleka mayai.

Siku moja nilishindwa. Nikamwambia Resti tulitoe koti kisirisiri, fundi alipunguze mabega, mzee akilivaa limkae, tufunge ndoa, yaishe. Baba mdogo alishaona ni wazo zuri.

Resti alikataa. Akasema, "Ukilipunguza, baba atajua tumekata tamaa naye."

Sikulitaja tena. Ila roho haikutulia.

Halafu Jumapili moja baada ya misa, Mzee Leonsi akatoka nje ya kanisa amevaa lile koti. Limemkaa. Mabega yamejaa, kifua kimejaa. Watu wakapiga makofi. Baba mdogo akapiga kigelegele kama mwanamke. Mzee akasema, "Pangeni harusi."

Nilikuwa nachekelea mpaka nikaona kitu shingoni mwake, ndani ya kola. Ukosi wa sweta la kijani.

Nikafungua mdomo. Resti akanifinya mkono kwa nguvu, maana na yeye ameona. Nikamtazama mzee, na mzee alikuwa ananitazama mimi. Akafunga kifungo cha juu.

Alichoka kutuona tunangoja, wakuu. Yale masweta aliyotufichia ugonjwa ndiyo akayavaa kutupa harusi. Siku ya ndoa yenyewe jua liliwaka sana, jasho linamtiririka, akaambiwa avue koti apumzike, akakataa mpaka jioni.

Dawa alimaliza. Mvua zikapita, tukavuna, na siku moja akatuma mtu nifike Mwazye. Nikamkuta uani amevaa koti. Akalivua. Chini kulikuwa na shati tu, hakuna sweta hata moja. Akalivaa tena, akanigeukia.

"Njoo upime," akasema.

Nilisita, maana sikuwahi kumgusa. Akarudia. Nikaweka mikono yangu mabegani mwake. Mshono ulikuwa umekaa juu ya mfupa, sawasawa. Tukasimama hivyo mpaka mama mkwe akacheka kutoka jikoni.

Aliishi miaka mingi. Alipofariki, siku ya kumaliza msiba, familia ikanipa koti. Lilinikaa kama nilipimwa mimi, na tangu hapo ndilo saizi yangu. Nguo yoyote nikinunua nalitumia hilo kama kipimo.

Kwa hiyo wanaoagiza online, ushauri wangu ni huu. Namba ya kwenye label usiiamini, kila kampuni ina yake. Chukua nguo yako inayokukaa, itandaze, anza na mabega, kwa sababu nguo isiyo na mapambo haina pa kuficha kosa. Usiongeze saizi ya akiba kama tulivyozoea, nyingi zimeshashonwa pana. Na ukimaliza kupima nguo, pima na mwenye nguo.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha.

Jana nililitoa koti nichukue vipimo nimtumie mjukuu. Nikasema nilivae kidogo, baridi ilivyo. Nikasimama mbele ya kioo. Mabega yameshuka. Vidole havionekani.

Nikadhani koti limelegea kwa uzee. Resti alikuwa mlangoni. Alinitazama mabegani, akaja akanishika sweta akalivuta juu, kisha la chini yake. Nilikuwa nimevaa mawili, na bado koti limenipwaya. Mimi nilidhani ni baridi.

Kesho asubuhi tunakwenda hospitali.

Mjukuu ameshapiga simu anataka jibu. Nikamuuliza Resti, nimtumie vipimo vyangu vya sasa au vya koti? Alikuwa anakunja lile koti. Hakugeuka.

"Mtumie vya koti," akasema. "Utalijaza."

Nimeshamtumia. Wenye uzoefu na hizi nguo za kuagiza, au na ugonjwa uliojificha chini ya masweta, semeni chochote hapo chini. Niko macho, nasoma kila comment.