Siku Niliyokataa Kusema "Zombi"

Naona haya kulisimulia jambo hili, kwa kuwa sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Basi kwanza niwaeleze hali ilivyokuwa. Nafundisha Kiswahili hapa Mpanda, nimepanga nyumba Kasokola yenye ua wa matete, na barua yangu ya kumposa Skolastika ilikuwa imekwisha kupelekwa kwao Kasekese. Wazee walikuwa wameipokea vizuri. Lililobaki ni shangazi yake kuja Jumatatu kuyaona makazi yangu, na neno lake ndilo lingekuwa jibu. (Sikujua kwamba shangazi makini huja siku moja kabla, aikute nyumba haijafagiliwa.)

Jumapili hiyo, baada ya misa, walinitembelea rafiki zangu watatu: Kulwa, fundi pikipiki, Anyesi, muuguzi, na Deus, mumewe Anyesi. Kulwa alikuwa ameona kwenye simu mchezo wa dakika tano, ambamo mmoja huwa zombi, kila anayeguswa naye hugeuka zombi, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Mchezo wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya niliuleta mimi, nilipowaambia kwamba haifai kuazima neno "zombi" ilhali tunalo letu, msukule, yaani mtu aliyechukuliwa kichawi, akazikwa na ndugu zake, kumbe yuko mahali anatumikishwa. Anyesi akasema afadhali neno hilo tusilitamke kwa sauti, maana ua wenyewe ni wa matete. Nikampuuza, tena nikaongeza masharti mawili kwa ajili ya usahihi: msukule apakwe unga wa muhogo usoni, na asiseme lolote, hata akiitwa, mpaka simu ilie kwamba dakika tano zimekwisha.

"Mwalimu, huu ni mchezo, sio mtihani," alisema Kulwa, lakini unga akanipaka, kwani kura ya kuanza iliniangukia mimi.

Dakika ya tano ikikaribia kwisha, nilikuwa nimewagusa Anyesi na Deus, tukawa watatu weupe usoni, tukitembea kimya, mikono mbele, na Kulwa amepanda juu ya benchi akitamba kwamba misukule ya Mwalimu haimpati ng'o. Hapo ndipo nilipomwona mama wa makamo amesimama kwenye mlango wa ua, kikapu mkononi. Hodi yake hatukuisikia. Yeye, bila shaka, alikuwa amemsikia Kulwa.

Nilimtambua mara moja kwa picha alizonionyesha Skolastika. Mtu yeyote mwenye akili timamu angemwamkia. Mimi, mtunga masharti, nikahesabu kwamba zimebaki sekunde chache tu, nikamwendea kimya, mikono nimeinyoosha nimpokee kikapu. Akarudi nyuma hatua moja, akamwuliza Kulwa kwa upole:

"Baba, Mwalimu yuko wapi?"

"Si ndiye huyo, mama," akajibu Kulwa, ambaye mawazo yake yote yalikuwa mchezoni. "Hao wawili kawachukua sasa hivi. Nimebaki mimi."

Simu ikalia.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, unga ukinidondokea kwenye shati.

"Marahaba. Wafungulie hawa warudi kwao."

Akaondoka na kikapu chake, taratibu, bila kugeuka. Anyesi alimkimbilia ili amweleze (wazo jema, ila hakuna aliyekumbuka kumfuta unga), na mama akaongeza mwendo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kasekese na rafiki zangu wote watatu. Kila mmoja alitaja mbele ya wazee jina lake, la baba yake na kijiji chake, naye Kulwa akauonyesha mchezo kwenye simu. Wazee walicheka sana, wakasema uamuzi ni wa shangazi.

"Habari ya misukule nimeielewa, mwanangu, wala hainisumbui," akasema. "Linalonisumbua ni kwamba uliniona, ukanitambua, ukaninyamazia."

Nimeapa kwamba atakayebisha hodi kwangu nitamwitikia kabla hajamaliza kuitamka, hata kama nimo katikati ya sala. Jibu la posa limeahirishwa mpaka baada ya mavuno ya mpunga. Kwa sasa watu ndio kwanza wanapalilia.