Nilisema Mashine Imesema Anikeni

Nilidanganya! Naanza na hilo nisije nikapata nafasi ya kulizunguka. Niliwadanganya akina mama wa dagaa wa kijijini kwetu, dada yangu akiwa mbele yao, na mzigo wao ukaharibikia mchangani.

Lakini msikimbilie kusema sijui kazi. Kazi naijua! Nina stashahada ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari Dar es Salaam. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimerudi Musoma kwa hiari yangu, nimejenga mtaa wa Nyasho kwa jasho langu, na wapo wenye digrii wanaokuja ofisini kwangu kuniuliza mambo wakiwa wameshusha sauti. Kwa hayo yote siombi radhi kwa mtu.

Kosa langu ni moja tu, na ni hili.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Alikuwa anaongoza kikundi cha akina mama wanaonunua dagaa wabichi na kuanika, huko mbele ya Nyegina, kwenye mwalo ambako boti za kisiwa cha Rukuba hufika asubuhi. Adui wao ni mvua. Dagaa wakikauka vizuri wanang'aa, wanakwenda mezani kwa watu. Wakinyeshewa wanabadilika rangi, wananuka, na mnunuzi atakwambia bila aibu kwamba hao ni wa kuku.

Nilipoona wanavyoteseka nikawatengenezea kitu. Niliandika programu kwa lugha ya Python, ndani ya lile daftari la kompyuta ambalo sisi wa fani tunaliita notebook. Kila asubuhi inachukua taarifa za upepo, mawingu na unyevu kutoka mtandaoni, inazilinganisha na kumbukumbu za mvua za pale kijijini, halafu inatoa neno moja: ANIKA au SUBIRI. Dada akipiga simu, namwambia. Ikisema subiri, wananunua kidogo tu wakakaange. Msimu mzima haikuwaangusha! Akina mama wakaacha hata kutazama juu. Wakawa wanauliza tu, "Mashine imesemaje?"

Nani mwingine mkoa huu wa Mara amewafanyia mama zake kitu kama hicho? Nioneshe!

Basi, nikaalikwa Butiama kufundisha vijana. Nilipofungua kompyuta mbele ya darasa, mwalimu mwenzangu, dada mmoja mwenye mdomo, akachungulia kioo changu.

"Heh! Kaka, toleo hilo la Python bado unalo? Si uliache hapa hapa Butiama, makumbusho yapo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini ndani nilikuwa naungua.

Jioni ile ile, nilipofika tu Nyasho, nikaweka toleo jipya la Python. Nikafuta la zamani lote, folda na kila kilichokuwemo. Sikujaribu hata kidogo kama daftari langu bado linafanya kazi. Mimi nijaribu nini? Mimi!

Mwenye kujua ameshashika kichwa. Kwa msiojua, daftari lile nyuma yake lina injini. Tunaiita kernel, na ndiyo inayosoma ulichoandika na kukupa jibu. Kernel yangu ilikuwa imeelekezwa kwenye Python ya zamani. Nilibomoa nyumba, nikajenga nyingine mtaa wa pili, halafu mgeni nikamwachia ramani ile ile!

Asubuhi nikafungua daftari. Likazunguka, likazunguka, kisha likaniambia kernel imekufa. Nikaiwasha upya. Imekufa. Nikazima kompyuta nzima nikawasha tena, kama fundi redio anayepiga redio kofi. Imekufa!

Simu ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, boti imefika. Leo ndiyo ile siku, unakumbuka?"

Ningesahauje? Mnunuzi mmoja wa Bunda, anayepeleka vyakula mashuleni, alikuwa anakuja jioni kuona dagaa wao. Akiwapenda, angekuwa anachukua kwao msimu hadi msimu. Kikundi kilikuwa kimejipanga kununua mzigo ambao hakijawahi kuununua.

"Nipe muda kidogo, dada."

"Muda gani tena? Wenzetu wa mwalo wa pili wameshaanza kubeba! Mashine imesemaje?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: mashine imenyamaza. Kwisha! Lakini ningelitamkaje? Kwamba msomi wao ameiua mwenyewe jana kwa sababu alichekwa? Nikachungulia dirishani. Jua lilikuwa linawaka. Na jana yake ilisema anika, juzi pia.

"Mashine imesema anikeni."

"Ubarikiwe, baba," akasema, akakata.

Kilichofuata nilikuja kusimuliwa. Mama Magesa, mmoja wa wanakikundi, aliona wingu limekaa juu ya ziwa akasema, "Jamani, tungenunua nusu." Dada akamgeukia mbele ya wote: "Mama Magesa, zamani tulikuwaga tunabahatisha. Leo tuna msomi wetu. Kasema anikeni!" Mama Magesa akainama kuchukua beseni lake. Mzigo wote ukamwagwa, kwenye nyavu, kwenye mawe, mchangani.

Mvua ikaja kabla ya adhuhuri. Si manyunyu, ni mvua ile ya kufunga macho! Wanawake wazima walikimbia huku na huku wakizoa dagaa kwa mabeseni, kwa kanga, kwa viganja, na maji yanawasomba dagaa kuwarudisha ziwani.

Yule wa Bunda alikuja kama alivyoahidi. Akachota konzi moja, akanusa, akaitupa.

"Mama zangu, hawa nitawaambia wafugaji wa kuku waje. Mimi nalisha watoto wa watu."

Akaondoka. Sasa anachukua mwalo wa pili, na hajarudi kwetu.

Dada aliponipigia, mimi nilisema nini? "Mashine ilikosea, dada." Uongo juu ya uongo! Akaumeza, akaenda kuwaambia wenzake hivyo hivyo.

Nikaikalia ile kernel kwa hasira. Nikaangalia orodha ya kernel zilizosajiliwa, nikaona ya zamani inaelekea kwenye folda ambayo haipo tena. Nikaifuta. Nikatengeneza mazingira ya mradi ule peke yake, yaani chumba chake ndani ya kompyuta, kwa Python mpya, nikaweka maktaba zake upya, nikaweka humo humo ipykernel, kile kifurushi kinachoifanya Python iwe injini ya daftari, nikaisajili kwa jina lake. Nikafungua daftari, nikaichagua. Ikaitika! Chai yangu ilikuwa bado ina moto. Kitu chenyewe ndicho hicho!

Nikaipa taarifa za asubuhi ile. Ikatoa neno moja.

SUBIRI.

Nikaruka kutoka kitini. Kazi yangu haikukosea! Ilikuwa inajua! Na huko kijijini wanaitangaza kuwa ni takataka! Nawaambieni ukweli, kilichonipeleka mwaloni kesho yake hakikuwa toba. Kilikuwa kiburi. Sikuweza kuvumilia programu yangu isingiziwe.

Niliwakuta wanachambua masalia. Hata salamu sikumaliza.

"Mashine haikukosea! Ilisema subiri! Nimeipima mwenyewe!"

Mikono ikasimama. Dada akainua uso.

"Sasa nani alisema anikeni?"

Hapo ndipo nilipoona nilipojipeleka. Nikaeleza yote, Butiama, kicheko, toleo jipya, dirisha langu. Wakanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," dada akasema taratibu. "Mbovu ni wewe."

Mama Magesa akapiga makofi. "Basi msomi, tuachie mashine, wewe urudi kwenu Dar!"

Wakacheka. Dada hakucheka. Yeye ndiye aliyewafunga wenzake midomo kwa jina langu, na kabla ya mwezi kuisha wakamvua uongozi. Akampa Mama Magesa funguo za stoo, akarudi kwenye beseni lake kama mwanachama wa kawaida.

Neno bado nalitoa kila asubuhi, na bado ni la kweli. Wanalichukua, maana si wajinga. Ila anayepiga ni Mama Magesa, na haniulizi mashine imesemaje. Anasema, "Tuma picha ya kioo." Natuma! Ningeweza kukasirika, na siku nyingine nakasirika kweli.

Basi wewe kijana mwenye kompyuta, nisikilize mimi ninayejua. Kubadili toleo si dhambi, na atakayekutisha mpuuze. Ila usilibadili usiku wa kuamkia siku ambayo watu wanakutegemea. Usifute la zamani hadi jipya litoe jibu. Kila mradi upe mazingira yake, na uangalie kernel yako inaelekea wapi. Na ikifa mikononi mwako, mtu anayekuamini akakuuliza, mwambie imekufa! Utachekwa, halafu wataacha kucheka.

Kernel niliifufua kwa muda wa kikombe cha chai. Dada yangu hajanipigia hadi leo.