Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Baba

Wimbo wa baba yangu una beti mbili na mguno. Gitaa linaanza, unakuja ubeti wa kwanza, unakuja wa pili, halafu pale ubeti wa tatu unapotakiwa kuingia, baba anafumba midomo na kuimba mmm, mmm, mpaka gitaa linapomwokoa. Watu waliokuwa vijana enzi hizo wameniambia mara nyingi kwamba mguno ule ndio uliokuwa ukiwatoa machozi. Nilikuwa nawaitikia tu kwa adabu. Nyumbani kwetu Miembeni, Bukoba, tulijua kwamba baba alisahau maneno.

Na wimbo wenyewe haukuwa wake. Ulitungwa na rafiki yake wa Ngenge, kule Muleba, mkulima wa kahawa aliyekuwa akija mjini Jumamosi kuimba kwenye bendi ambayo baba alipiga gitaa. Walikuwa zaidi ya marafiki. Walikuwa wamekula omukago, undugu wa kuapiana, ambapo wawili hupasua tunda moja la kahawa na kila mmoja akatafuna buni yake. Zamani buni zile zilipakwa damu, lakini babu yangu alikuwa Mwislamu asiyependa mzaha, akasema habari ya damu hataki kuisikia. Wakatafuna kahawa tupu, wakawa ndugu hivyo hivyo. Wimbo ulihusu jambo hilo: ndugu wa kahawa wanadaiana nini katika njaa, katika harusi, na katika ule ubeti wa tatu.

Bendi ilipoitwa Dar es Salaam kurekodi, kahawa ilikuwa imeiva, na baba wa yule rafiki akasema hakuna mtu atakayeondoka kwenye shamba lake kwenda kuimba. Basi akamfundisha baba wimbo kwa haraka haraka, jioni mbili. Mbele ya kipaza sauti ubeti wa tatu ukampotea kabisa. Fundi mitambo akapenda ule mguno, akasema uachwe. Santuri ikatoka, na redio ikamtaja baba kuwa ndiye mtunzi. Angeweza kuandika barua moja tu kusahihisha. Hakuandika. Nampenda baba yangu, lakini hapo alikosea, na alijua.

Tangu hapo wakawa watu wa kutumiana salamu. Baba hakukanyaga tena Ngenge.

Wimbo haukuwangoja. Bendi moja ya Mwanza iliurudia kwa mwendo wa kasi, na kwenye ubeti wa tatu wakaweka saksafoni inayoguna kama baba. Kisha kwaya ya kanisa kule Kemondo ikauokoa, maana ndivyo walivyosema wenyewe. Ndugu wa kahawa akawa Bwana Yesu, na mguno ukaimbwa kwa sauti nne. Mimi ni Mwislamu, lakini nakiri hilo ndilo toleo ninalolipenda kuliko yote. Likafuata la matarumbeta ya harusini, ambalo sitalizungumzia nisije nikakasirika bure. Kote huko, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna maneno yaliyotakiwa kukaa pale. Mguno ulirithiwa kama ulivyo, kwa heshima zote. Nilikuwa nikimtania baba kwamba yeye ndiye mtu pekee Kagera aliyesifika kwa kusahau. Alikuwa akicheka, lakini hakuwa akikaa sana baada ya hapo. Alitafuta sababu ya kwenda uani.

Mwaka jana akaja kijana wa Bongo Fleva, mstaarabu, amevaa miwani mikubwa, kuomba ruhusa ya kuurudia. Alitusikilizisha kwenye simu alichokwisha kuandaa. Ndugu wa kahawa sasa alikuwa msichana. Nikauma meno. Halafu kijana akasema, "Shikamoo tena mzee, naomba kuuliza. Pale unapoguna, ulikuwa unawaza nini?"

Miaka yote hiyo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. Baba alimtazama, akatazama mikono yake, akasema atampa jibu baadaye. Asubuhi yake nilimkuta amekwisha kuvaa kanzu na koti.

"Nipeleke Ngenge," akaniambia. "Nikafe bila kumwomba yule mtu msamaha?"

Ana zaidi ya miaka themanini. Nilikodi gari na dereva. Tulipopita Muleba mjini aliniuliza, "Akikataa kunipokea, tutakula wapi?" Nilijua hasemi habari ya chakula. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kwa ajili yake, maana kwa Wahaya mgeni hupewa kahawa ya kutafuna hata kabla hajaulizwa habari. Kama mzee yule asingetoa kahawa, tungekuwa tumejibiwa.

Tulimkuta mbele ya nyumba yake, kwenye kibanja, anaondoa majani makavu ya migomba. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomwazia. Alimtazama baba kwa muda mrefu, akaingia ndani. Akatoka na kikapu kidogo cha kahawa, akakiweka katikati yetu, akakaa.

Walizungumza Kihaya, mimi naandika kwa Kiswahili.

Baba aliomba msamaha. Alieleza yote, redio, santuri, barua ambayo hakuiandika, nami nikaona haya kumtazama. Mwenzake alisikiliza huku akitafuna.

"Wimbo?" akasema mwishowe. "Wewe umetoka Bukoba kwa ajili ya wimbo? Nilikasirika mwaka mmoja, pengine miwili. Halafu nikaoa. Mke wangu aliupenda ulivyoguna. Kila redio ikiupiga alikuwa akiguna na wewe, hapo hapo jikoni."

Baba akashusha pumzi. Nami nikashusha yangu. Nikaona mambo yamekwisha, nikaanza kufikiria njia ya kurudi. Ni baba aliyeharibu, au aliyetengeneza, sijui. Akasema, "Basi nipe ule ubeti. Kuna kijana anataka kuurudia, safari hii uimbwe wote."

Mzee hakuuimba. Aliusema tu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Ndugu yangu wa kahawa, nikifiwa usinitumie salamu. Njoo ulale chini pamoja nami, mpaka majivu yapoe."

Nilimwona baba akiyafuata maneno kwa midomo, taratibu, na alipofika mwisho akasimama hapo hapo.

"Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita," mzee akasema. "Ulinitumia ujumbe kwenye simu. Mjukuu alinisomea. Nililala chini siku nne kando ya moto wa msiba, na kila gari lililopita barabarani nilisema ni wewe."

"Niliona aibu," baba akasema. "Kwa sababu ya wimbo."

"Najua. Lakini sikuwa nimefiwa na wimbo."

Sikuwahi kumwona baba yangu akilia kabla ya siku ile. Alilia wazi, bila kujificha, na mwenzake akamwacha alie. Kisha akamshika mkono wakaenda pamoja nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kwenye kaburi. Mimi nilibaki nimekaa. Niliwasikia wakinong'ona, kisha nikamsikia baba akimwombea dua yule mama ambaye hakuwahi kumjua.

Waliporudi, nilisimama nikamwambia dereva awashe gari. Baba akaingia ndani, nami nikamfuata. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni mle ndani. Alikuwa akihangaika na viatu, nikainama kumsaidia kuvifungua kabla sijaelewa ninafanya nini.

"Wewe nenda," akaniambia. "Mwambie mama yako niko msibani. Nitarudi tukishaanua matanga."