Pilote Amekufa

Ukitaka kumuudhi Simone Bolamba, mwambie kazi yake ni kubonyeza tu. Wateja wengi wamewahi kumwambia hivyo, hasa wale wenye haraka, na wote walitupiwa jicho moja wakanywea. Kibanda chake kiko Makiso, karibu na soko kuu, na nusu ya Kisangani imekaa mbele ya kamera yake: wanafunzi wa mtihani wa taifa, waendesha pikipiki wanaotaka vibali, maharusi walionuniana tangu asubuhi. Hata wafu. Msiba ukitokea, jamaa humletea simu yenye kipicha cha marehemu kilichofifia, naye Simone hukikuza, humsafisha marehemu uso, humtengeneza hata kola ya shati, kisha humtoa kwenye karatasi nzuri inayong'aa ili awekwe mbele ya watu matangani. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote, ingawa si jambo la kumwambia mtu.

Picha zote hizo zilitoka kwenye printa moja, kuukuu, ya mitumba, iliyopitia Kampala na Butembo kabla ya kufika kwake. Simone aliinunua kwa fungu lake la urithi, baba yake alipofariki na baleinière yao, lile boti la mbao la kubebea watu na mizigo, ilipouzwa. Baba alikuwa pilote wa boti hilo, ndiye aliyelipitisha mtoni kati ya Kisangani na Isangi bila kulikwamisha. Mdogo wake Simone, Noël, alirithi kazi ya upilote, akawa anaendesha maboti ya wengine. Simone alirithi printa. Mume hana, shamba hana, na wanawe wawili wanasoma kwa printa hiyo.

Aliyemuuzia ni Katembo, mfanyabiashara wa kompyuta kutoka Butembo, mtu mpole mwenye kupenda kueleza. Siku alipoiunganisha printa na kompyuta alimfundisha neno moja, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa.

"Ordinateur na imprimante hazijuane, Simone. Kila moja iko na luga yake. Katikati yao kuko ka programme, kanaitwa pilote. Pilote njo anajua njia."

Simone alicheka akimkumbuka baba yake. "Kama papa!"

"Voilà. Kama papa yako. Na pilote wa huyu hawezi kuendesha ingine. Donc, ordinateur ikikuomba mise à jour, ile ya kujibadilisha na intaneti, kataa. Inaweza kukutolea pilote wako, ikuletee mgeni asiyejua mto."

Mtoto wa pilote haelezwi jambo hilo mara mbili. Tangu siku ile kompyuta yake haikuonjeshwa intaneti, na neno pilote likahama mdomoni mwake. Lilitoka mtoni likaingia kibandani, naye hakuona lilivyohama.

Aliyeiharibu kazi alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalokera. Mchungaji mmoja alileta picha za ubatizo ndani ya simu yake. Waya ukagoma. "Si kitu, mama," akasema, akaifungulia kompyuta intaneti ya simu yake ili zipite huko, na kwa ukarimu wake akaiacha wazi muda wote walipokuwa wakichagua picha. Simone alikuwa anatazama watoto waliovaa nyeupe. Kompyuta nayo ilikuwa inajinywea mise à jour kimya kimya.

Kesho yake iliamka imejibadilisha. Printa iliwaka taa kama kawaida, lakini kila alipoagiza picha, kioo kiliandika maneno mawili: pilote indisponible, yaani pilote hapatikani.

Katembo alikuja akahangaika mchana kutwa. Kitufe cha kurudisha pilote wa zamani kilikuwepo, lakini kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Akaenda kwenye tovuti ya watengenezaji; printa ile walishaifuta, walisema imezeeka. Akapata faili kwingine, kompyuta ikapiga kelele kwamba ni virusi. Akajifuta jasho.

"Pilote amekufa, Simone. Ile disque ilikuwa ndani ya boîte, ile sanduku ya imprimante, iko wapi? Ukinipatia ile, narudisha Windows ya zamani, naweka pilote wake mwenyewe, na imprimante inaamuka. Bila ile, iko chuma tu."

Diski! Simone alitafuta kibanda kizima, kisha akakumbuka. Mama yake alipomtembelea mara ya mwisho aliipenda ile sahani inayong'aa, akaomba, naye akampa bila kufikiri. Mama anaishi Yanonge, upande mto unakoteremkia, na simu hana. Simone akampigia Fanny, jirani wa mama. Mtandao ulikuwa unakatika katika.

"Fanny, umuambie mama pilote amekufa! Nakuja kesho. Atafute ile disque, asiitupe!"

"Nani amekufa?"

"Pilote! Nakuja kesho!"

Simu ikakatika. Simone akadhani ujumbe umeeleweka.

Njia nzima, ndani ya boti, alikuwa akiomba diski isiwe imevunjika. Boti lilipokaribia Yanonge alisikia kilio. Akashangaa ni msiba wa nani. Alipopanda kutoka bandarini aliona turubai limefungwa kwenye ua wa mama yake, viti vya kanisa vimepangwa, na mama yake ameketi chini, kichwa wazi, vumbi usoni, akiita jina la Noël. Mama mdogo Aurélie akamkimbilia Simone akamkumbatia.

"Simone, weye njo unatengenezeaka watu wote foto ya matanga. Foto ya Noël iko wapi?"

Noël alikuwa njiani kutoka Bumba na simu yake haikupatikana. Kwa muda mfupi Simone naye aliamini mdogo wake amezama. Kisha Fanny akasema, kwa sauti ya kulia, "Si weye mwenyewe ulinipigia, pilote amekufa?"

Hapo akaelewa. Alieleza akirudia rudia, kwa sababu hakuna aliyemwelewa mara ya kwanza: si Noël, ni pilote wa mashine, kitu cha ndani ya kompyuta, hakina mwili. Watu walimtazama kama aliyerukwa na akili. Kisha mama yake akainuka, akapiga kigelegele, na msiba wote ukageuka kicheko. Wazee waliguna kwamba mjini watu wanazika vyuma. Wali uliopikwa kwa ajili ya wafiwa ukaliwa kwa shangwe, na Simone akatukanwa kwa upendo na kila aliyepita na sahani.

"Mama," akasema mwishowe, "ile disque?"

"Iko! Inafanya kazi muzuri sana," mama akajibu, akamshika mkono mpaka shamba la mpunga nyuma ya nyumba. Diski ilikuwa inaning'inia kwa uzi juu ya mti, inazunguka na upepo, inawatisha ndege. Simone aliishusha. Jua na mvua vilishaubambua ule utando wake wa fedha, uliombeba pilote. Aliiinua juu, akaona kupitia kwayo mpunga, paa la nyumba, na watu wanaokunja turubai. Ilikuwa plastiki tupu.

Aliketi palepale kwenye matuta akalia. Alilia kwa sauti, kama alivyokuwa akilia mama yake saa chache kabla, na watu waliokuwa wanabeba viti walisimama wakatazamana. Hakuna aliyekuja kuketi naye. Waanzie wapi? Kilio chao walishakimaliza.

Mama yake aliinama, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge, bado anatabasamu kwa ajili ya Noël.

"Nyamaza, mutoto yangu. Hakuna mutu amekufa."