Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Sadala ni fundi makochi pale Kilole, Korogwe. Huletewa makochi yaliyochakaa, akayavua vitambaa vya zamani, akakaza mbao zilizolegea, akabadilisha sponji na kuyavalisha upya. Kwa miaka mingi alibeba sponji zake kwa bodaboda. Siku moja mvua ililowesha mzigo wote njiani, na tangu hapo akawa mtu wa kutafuta gari.

Alilopata lilikuwa dogo, jeupe, la milango miwili, na lilikwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Siku alipolileta, mkewe Faudhia aliliosha mwenyewe na kutandika kanga kwenye viti. Jioni wakazunguka wawili mpaka stendi na kurudi, hawana wanachokifuata. Sadala husema hiyo ndiyo siku pekee gari lile lilikuwa lao.

Asubuhi iliyofuata jirani alibisha hodi, ana mgonjwa. Hilo halikuwa na mjadala, Sadala akaenda. Mwisho wa wiki wakaja wenye harusi wakitaka gari la kubebea masufuria. Baada ya hapo habari ikafika Handeni kwa dada yake, Mashavu.

Mama yao alifariki Sadala akiwa mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Mashavu, ambaye mwenyewe alikuwa bado msichana, aliacha shule akamlea. Alimbeba mgongoni akienda kuteka maji, akamtafutia fundi wa kumfunza kazi, akaenda kumposea Faudhia. Kwa hiyo simu yake ilipoita, Sadala aliacha nyundo na kusimama, hata kama hakuna aliyemwona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko kazini."

"Shangazi yako mguu umemvimba. Kesho uje mapema."

Akaenda. Juma lililofuata kulikuwa na mahindi ya kutoa shambani, kisha msiba Segera, kisha mbuzi wa akika, ambaye alisafiri kiti cha nyuma na kutafuna mkanda wa usalama mpaka ukabaki nyuzi. Sadala hakukataa hata safari moja. Alirudi Kilole gari limejaa vumbi na maganda ya mahindi, na makochi ya watu yamesimama uani bila nguo, yameonesha mbavu. Mwalimu mmoja aliyetaka makochi yake yawe tayari kabla ya Idi alikuja na mkokoteni akayachukua vilevile, nusu yamevuliwa.

"Mwambie dada una kazi," Faudhia alisema usiku huo wakila.

"Nitamwambia vipi?"

"Kwa mdomo."

Sadala akaendelea kumega ugali. Alikuwa na maneno, lakini kila alipoyaleta mdomoni alimwona Mashavu na ndoo kichwani, yeye akiwa mgongoni, na maneno yakarudi yalikotoka.

Gari nalo likaanza kuchoka. Kwanza ukakatika mkono wa ndani wa mlango wa dereva. Ili ashuke, Sadala alilazimika kupitisha mkono dirishani na kufungua kwa nje. Halafu kioo cha dirisha hilohilo kikaharibika. Ukikipandisha hadi juu, hakishuki tena mpaka fundi afungue mlango mzima. Basi akawa anakiacha wazi kidogo, mvua ije, vumbi lije. Ya kupeleka kwa fundi yalikuwa mengi, ila gari halikupata siku ya kukaa.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, binti wa Mashavu alijifungua huko Vugiri, milimani, alikoolewa na kijana wa Kisambaa aitwaye Ukasha. Mashavu akataka kwenda kumwona mjukuu.

"Dada, barabara ya Vugiri kwa mvua hizi haipandiki. Tungoje kidogo."

"Mtoto amezaliwa, Sadala. Yeye hakungoja."

Walipanda salama, gari likinguruma kwa gia ya kwanza karibu njia nzima. Mashavu akampakata mjukuu, akala, akafurahi, na mchana wakaanza kushuka, nyuma kumejaa mikungu ya ndizi waliyopewa. Ukungu ulikuwa umeshafunika mabonde. Mvua ikaanza, nyembamba na ya baridi, ikiingia kwenye ule uwazi wa dirisha.

"Pandisha kioo," Mashavu alisema, akijikunyata ndani ya kanga. "Baridi inanila."

"Kikipanda hakishuki, dada."

"Utashukia mlango wangu. Pandisha."

Akapandisha.

Hawakwenda mbali. Kwenye kona moja tope lilikuwa laini kama uji, na nyuma ya gari ikataka kuitangulia mbele. Sadala alikata usukani huku na huku bila mafanikio. Gari likateleza kwa ubavu, taratibu kabisa, likaingia mtaroni na kuegemea ukuta wa udongo upande wa kushoto. Injini ikazima. Hakuna aliyeumia.

Mashavu alisukuma mlango wake. Ulikuwa umebanwa na udongo mpaka juu ya kioo, haukusogea. Mlango wa Sadala haukuwa na mkono wa kufungulia. Vioo vya nyuma vya gari lile havifunguki kabisa, na buti hufunguliwa kwa nje. Simu zilikuwa hazina mtandao. Sadala alipiga honi mpaka ikaanza kukwama, na ukungu haukurudisha jibu.

"Vunja kioo," Mashavu alisema.

Spana ya tairi ilikuwa nyuma chini ya ndizi. Sadala alijipenyeza kati ya viti akaitoa. Akainyanyua usawa wa dirisha. Halafu akaishusha, akailaza mapajani.

"Sivunji."

Mashavu alimgeukia. Kwa maisha yake yote hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwa mtu huyu.

"Unasemaje?"

"Sivunji, dada. Nikivunja, kesho nitaendesha bila kioo kukufuata Handeni, na keshokutwa tena." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimechoka. Makochi ya watu yananinyeshea uani. Faudhia hajapanda gari hili tangu siku ya kwanza. Naogopa simu ya dada yangu."

Mvua ilipiga bati la gari. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke wa pumzi zao, nje hakuonekani kitu. Mashavu aliinama na kulainisha pindo la kanga kwa vidole, akalikunja, akalikunjua. Mabega yao yaligusana kwa sababu gari lilikuwa limelala upande na Sadala hakuwa na jinsi ya kujitenga naye.

"Kabla ya gari ulikuwa unakuja Idi kwa Idi," Mashavu alisema. "Unakula, unaangalia saa, unaondoka. Mimi na nyumba tunabaki."

Mashavu aliliachia pindo la kanga.

"Ule mguu wa shangazi ulikuwa kweli. Msiba ulikuwa kweli. Mahindi yale Hiza jirani yangu angeyaleta kwa trekta. Nilimkatalia."

"Ungeniambia tu nije."

"Ungekuja?"

Sadala alifikiri kusema ndiyo. Akaangalia spana iliyokuwa mapajani mwake.

Miguu ilianza kuwafa ganzi waliposikia hatua kwenye tope. Mzee mmoja aliyejifunika nailoni, jembe begani, aliinama akachungulia. Sadala akapangusa mvuke kiooni, akamwonesha kwa ishara afungue mlango. Ukafunguka mara moja, na hewa baridi ikaingia yote kwa pamoja. Mzee yule alijitambulisha kuwa Fransisko, akawapa pole, akarudi alikotoka kuita watu. Wakaja wanaume kutoka mashambani, wakatandika majani ya migomba chini ya matairi, wakasukuma huku wakitukanana kwa utani, mpaka gari likapanda barabarani. Ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea kuanzia taa hadi taa.

Usiku ule Mashavu alilala Kilole. Asubuhi Sadala alishika ufunguo wa gari, lakini dada yake alikuwa ameshajitwika kapu. "Napanda basi," alisema, na hakutaka kusindikizwa hata mpaka stendi.

Simu za Handeni zikakoma. Sadala alimaliza makochi yote ya uani. Majirani waliendelea kubisha hodi, na kwa wengine alijifunza kusema gari bovu, hata lilipokuwa zima. Jambo hilo lilimkera, kwa kuwa sasa alilazimika kulificha gari lake mwenyewe nyuma ya nyumba. Akaona hajafunguka sana tangu siku ile ya mtaroni. Na kila jioni aliitazama simu. Aliwahi kutamani inyamaze, na iliponyamaza hakupata raha aliyoitarajia. Mara mbili alitafuta jina la Mashavu akaliacha bila kupiga. Angemwambia nini?

Ijumaa moja baada ya swala alipanda basi la Handeni. Alimkuta dada yake kibarazani akipepeta kunde.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mashavu aliendelea kupepeta. "Faudhia hajambo?"

"Hajambo. Kakusalimu."

Walikula ugali na kisamvu, wakazungumza habari za mjukuu, ambaye sasa alikuwa anacheka. La Vugiri hakuna aliyeligusa. Jua lilipoanza kuinama Sadala alisimama, kwa sababu kulikuwa na kochi la mteja alilolifungua asubuhi. Mashavu alikuwa akikusanya vyombo, na mgongo wake ulikuwa umeinama kuliko alivyoukumbuka.

"Nikilala, nitalala wapi?" Sadala akauliza.

"Chumba chako kina magunia. Nitayatoa."

Wakayatoa pamoja. Walipokuwa wakitandika kitanda, Mashavu akasema, bila kumwangalia, "Jumapili kuna kikao cha ukoo Sindeni, kwa shangazi."

Sadala alishika upande wake wa shuka, akauvuta mpaka pembeni ya godoro.

"Tutapanda basi," alisema.

"Basi litatushusha mbali na kwa shangazi."

"Tutatembea."

Mashavu alichomeka pindo la shuka chini ya godoro, akalipigapiga likanyooka. "Basi kesho ukienda Kilole, urudi na viatu vya kutembelea," alisema, "maana hivyo ulivyovaa vitakuumiza."