Siki Chini ya Kitanda
Mzee aliyestaafu kazi ya kuonyesha sinema alihifadhi chini ya kitanda makopo arobaini ya filamu za vichekesho za kale, zile zisizo na sauti. Kila asubuhi aliyafungua na kuyanusa, kwa sababu filamu inayooza hunuka siki, na ikioza moja huambukiza zote. Tangu alipopata mafua makali, pua yake haikunusa hata kitunguu, akawa roho juu. Siku ya tatu akampelekea mkewe kopo alilolipenda kuliko yote, la bwana mnene anayefukuzwa na ngazi yake mwenyewe.

“Hebu ninusie hili, mama watoto.”

Mkewe, ambaye kwa miaka thelathini aliyaita makopo hayo takataka, aliinama akanusa.

“Nzima hii, mume wangu,” akasema kwa upole.

Upole ule ndio uliomkata maini.